Gari la Chama Likizimika Mlimani: Namna ya Kutafuta Hitilafu katika Mtambo wa Kuwashia wa Kielektroniki

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilometa 33 hivi, na katika umbali huo mfupi gari hupanda karibu mita 1,000. Kona zake zimebanwa kati ya mwamba na bonde. Gari lililobeba mbolea hupita sehemu kubwa ya njia hiyo kwa gia ndogo, injini ikivuta kwa nguvu zake zote na upepo wa kuipoza ukiwa haba. Vivyo hivyo gari litokalo Mlalo na kabichi za wanachama: kabla halijaanza kuteremka kwenda Lushoto, hapana budi lipande kwanza kuelekea Lukozi na Magamba. Injini yenye kasoro ndogo, ambayo mjini Tanga ingeweza kwenda miezi bila kulalamika, hufichua kasoro yake hapa.

Ndiyo sababu katika majalada ya vyama vya msingi vya milimani huonekana mara nyingi jambo la namna moja. Gari la chama limezimika njiani. Hati ya kwanza ya malipo ni ya plagi nne. Baada ya juma moja ipo hati ya pili, ya koili. Mwisho wa mwezi ipo ya tatu, ya ignaita, pamoja na gharama ya kulivuta gari kutoka Soni. Kila hati ina stakabadhi yake na saini zake zote, na mkaguzi hana la kuuliza juu ya fedha. Lakini gari lingali linazimika. Hati zipo tatu, na ugonjwa ni ule ule mmoja ambao haukupimwa hata siku moja. Karoti na kabichi zilizochelewa gulio hazina hati. Hasara yake huingia moja kwa moja katika mfuko wa mkulima.

Katibu hatakiwi kuwa fundi. Inatosha ajue namna mtambo huu unavyofanya kazi, ili anapoletewa ankara aweze kumwuliza fundi swali moja lenye maana: “Umejuaje kwamba ni hiki kilichoharibika?”

Yafaa kusema mwanzoni kabisa kwamba maelezo haya hayahusu malori ya dizeli. Fuso na Canter hazina plagi za cheche wala koili. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Akitokea mtu kuleta ankara ya koili ya kuwashia ya Fuso ya dizeli, hiyo si hitilafu ya gari. Yanayozungumzwa hapa ni magari ya petroli: pikapu za Hilux za miaka ya nyuma, Hiace, Noah, Probox, na zile Suzuki Carry ndogo ambazo watu wamezoea kuziita Kirikuu.

Kutoka pointi hadi transista

Betri ya gari ina volti 12. Cheche inayoruka katika plagi huhitaji volti elfu nyingi, aghalabu kati ya 10,000 na 30,000. Kazi ya kuzaa volti hizo ni ya koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba mno wenye mizunguko mingi, kiasi cha mara mia ya ule wa kwanza. Umeme wa betri hupita katika waya mnene na kukifanya chuma kile kuwa sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafula, sumaku huporomoka, na kuporomoka kwake huzalisha katika waya mwembamba umeme wa nguvu kubwa unaokwenda kuruka katika plagi. Jambo la kukumbuka ni hili: cheche hutokea pale umeme unapokatwa. Kwa hiyo ubora wa cheche hutegemea jinsi mkato ulivyo wa ghafula na safi.

Katika magari ya zamani kazi ya kukata ilifanywa na pointi zilizomo ndani ya distribyuta. Mfumo huo wa betri, koili na pointi ulitokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20, nao ulitawala duniani kwa zaidi ya nusu karne. Udhaifu wake madereva wakongwe wanaukumbuka. Pointi huungua, hulika, na nafasi yake hubadilika. Dereva hodari alitembea na msasa na kipande cha kadi mfukoni, akazisugua kando ya barabara na kuendelea na safari.

Mwaka 1973 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka mtambo wa kielektroniki katika magari yake yote ya mwaka huo, na baada yake watengenezaji wengine wakafuata. Katika mtambo huo pointi zimeondolewa. Mahali pake pamewekwa gurudumu dogo la chuma lenye meno, na kando yake koili ndogo ya ishara iliyozungushwa juu ya sumaku. Kila jino likipita, koili hiyo hutoa ishara hafifu ya umeme. Ishara huingia katika kijisanduku ambacho mafundi hukiita ignaita. Ndani yake imo transista, nayo ndiyo inayokata umeme wa koili kubwa. Hakuna kinachogusana, basi hakuna kinacholika. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde, na transista huzitoa bila kuchoka.

Faida hiyo imekuja na tatizo lake. Pointi zilipoharibika zilionekana kwa macho. Ignaita iliyokufa haina tofauti yoyote ya sura na ignaita nzima. Fundi asiye na kipimo hubaki na njia moja tu, nayo ni kubadilisha kitu baada ya kitu kwa fedha za chama hadi abahatishe.

Kwa nini mlimani hasa

Sababu zipo tatu, na zote zina msingi katika maumbile ya Usambara. Ya kwanza ni mzigo. Dereva anapokanyaga mafuta kupanda, hewa nyingi zaidi huingia katika silinda na shindikizo huongezeka. Cheche huruka kwa shida zaidi katika hewa iliyoshindiliwa sana, kwa hiyo plagi hudai volti nyingi zaidi. Koili dhaifu, au waya wa plagi uliopasuka, huweza kutimiza dai la barabara tambarare na kushindwa na dai la mlima. Injini hapo huanza kukosa mapigo, au kama madereva wasemavyo, inamisi.

Ya pili ni joto. Ya tatu ni unyevu: ukungu wa asubuhi na mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hulowanisha kila kitu kilichomo chini ya boneti. Hizi mbili zitaelezwa kwa kirefu, kwani ndizo zilizokula fedha nyingi.

Kuna jambo la nne ambalo si kosa la mtambo wa kuwashia, lakini husingiziwa. Hewa ya mita 1,400, ambako mji wa Lushoto upo, ni nyepesi kuliko ya pwani. Gari la kabureta lililorekebishwa Tanga hupata huku petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Plagi hupata masizi makavu meusi, na nguvu hupungua hata kama kila kitu ni kizima. Fundi anayebadilisha koili kwa sababu hiyo anatibu kichwa cha mgonjwa wa tumbo. Dawa ni kurekebisha kabureta.

Kufuata njia ya umeme

Injini isiyowaka huwa imekosa kimojawapo cha mambo machache: mafuta, cheche, au shindikizo, au cheche inakuja wakati usio wake. Kazi ya kwanza ni kujua kama cheche ipo.

Mazoea ya kuchomoa waya wa plagi na kuushika karibu na chuma huku injini ikizungushwa yaachwe kabisa. Mtambo wa kielektroniki una nguvu kuliko ule wa pointi, na mshtuko wake unaweza kumwangusha mtu au kumdhuru mwenye maradhi ya moyo. Tena, umeme unaokosa mahali pa kurukia hutafuta njia ndani ya koili yenyewe na kutoboa kihami chake, au huiua ignaita. Fundi aliyekuja kutafuta hitilafu moja huondoka akiwa ameacha mbili. Njia iliyo salama ni kuchukua plagi ya zamani, kuukata ule mkono wake wa pembeni, kuifunga kwenye ncha ya waya wa plagi, na kukibana kiwiliwili chake kwa waya imara kwenye chuma cha injini. Kisha stata izungushwe mtu akiwa ameondoa mikono, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu. Mkono wa plagi hukatwa kwa sababu: katika hewa ya wazi hata koili dhaifu huweza kuruka nafasi ndogo ya plagi nzima. Ikilazimika kuruka nafasi pana, udhaifu wake huonekana. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio mkavu. Cheche nyembamba ya manjano au nyekundu ni dalili ya udhaifu.

Cheche ikiwa nzuri katika nyaya zote za plagi, hitilafu haielekei kuwa katika koili wala ignaita. Atazamwe mwenye kuleta mafuta, yaani pampu, chujio, kabureta au vipulizio. Sentensi hii peke yake, ikifuatwa, ingezuia ankara nyingi.

Cheche isipopatikana, waya wa kati utokao koili kwenda kwenye kifuniko cha distribyuta nao upimwe kwa namna ile ile. Ikiwa hapo cheche ipo na kwenye plagi haipo, umeme unapotelea ndani ya kifuniko, katika rota, au katika nyaya. Hivi ni vitu vya bei nafuu. Ikiwa hata hapo hakuna, ndipo fundi ashike mita.

Lakini kabla ya yote apime betri. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma karibu volti 12.6, injini inapozungushwa isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri iliyochoka huweza bado kuizungusha stata huku ignaita ikiwa haipati umeme wa kutosha kufanya kazi. Gari kama hilo huwaka likisukumwa katika mteremko, na wenye gari husema mtambo wa kuwashia umekufa ilhali ni betri.

Swichi ikiwa imefunguliwa, upande wa chanya wa koili uwe na umeme unaokaribia ule wa betri, isipokuwa katika magari yenye kipunguza-umeme njiani, ambayo huonyesha pungufu. Kama hakuna kitu, tatizo lipo nyuma: fyuzi, swichi ya ufunguo, au waya. Ipo dalili moja ya kupendeza kwa uwazi wake. Gari linawaka wakati ufunguo umeshikiliwa katika stata, na linazimika papo hapo ufunguo unapoachiwa. Hapo karibu kila mara njia ya umeme wa kuendea imekatika, ama katika swichi ama katika kile kipunguza-umeme. Dereva akiieleza dalili hiyo sawasawa, fundi ana nusu ya jibu kabla ya kufungua boneti.

Umeme ukiwepo kwenye chanya, upande wa hasi wa koili ndio wenye habari. Injini inapozungushwa umeme wa hapo unatakiwa kukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Kitaa kidogo cha kupimia cha aina ya LED hupepesa. Balbu ya kawaida isitumike katika mitambo hii, kwa sababu huvuta umeme mwingi kupita uwezo wa vifaa vidogo. Katika magari mengi yenye saa ya mizunguko ya injini, mshale wake huchukua habari kutoka hapo hapo. Ukitikisika stata inapozunguka, ukatikaji upo. Basi kama taa inapepesa na cheche haipo, koili yenyewe au waya wake ni mbovu. Kama taa haipepesi, aghalabu koili haina kosa: haikuamriwa. Aulizwe mwenye kutoa amri, yaani ignaita, na mwenye kumpa ignaita ishara, yaani koili ndogo.

Koili ndogo hupimwa kwa mita ya omu baada ya kuchomoa soketi yake. Kiasi halisi hutofautiana kwa kila aina ya gari, na kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Katika distribyuta nyingi za Toyota za wakati huo ni omu mia moja na kitu hadi mia mbili na kitu. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, ugonjwa umeonekana. Lakini pana mtego hapa. Nyaya za koili ndogo hukunjwa kila mara distribyuta inapojirekebisha kwa mvuto wa hewa ya injini. Baada ya miaka, waya hukatika ndani ya ganda lake, ganda likabaki zima. Gari likiwa limesimama ncha mbili hugusana na mita husoma vizuri. Dereva akikanyaga mafuta ncha huachana. Kwa hiyo fundi apime huku akizitikisa nyaya taratibu kwa kidole. Nafasi kati ya jino na koili ndogo nayo ipimwe. Katika nyingi ya hizo ni kati ya milimita 0.2 na 0.4.

Ishara ikiwa nzima, umeme ukiwa umefika, na ardhi ya ignaita ikiwa safi, hapo ndipo ignaita ihukumiwe. Neno hilo la ardhi lisirukwe. Ignaita nyingi hupata umeme wa hasi kupitia skrubu zinazoifunga kwenye bodi. Kutu chini ya skrubu moja imesababisha ignaita nzima kutupwa. Na ile mpya inapofungwa, skrubu husafishwa kwa bahati tu, gari likawaka, na fundi akasifiwa.

Gari linalozimika likipata joto

Huu ndio ugonjwa wa kona za Soni. Gari limetoka Mombo vizuri. Baada ya kilometa kumi na kitu za kupanda linazimika ghafula, kana kwamba mtu amefunga swichi. Dereva na utingo wanaweka mawe nyuma ya magurudumu, wanangoja dakika ishirini au thelathini, gari linawaka kama halikuwa na neno. Linapofika gereji limekwisha poa, na kila kipimo kinasema zima.

Vitu vinavyofanya hivyo vinajulikana. Ignaita ina transista ndani yake inayopoteza nguvu ikizidiwa na joto, hasa kama aliyeifunga hakuipaka chini ile grisi nyeupe ya kupitisha joto. Koili huweza kuwa na waya uliokatika ambao huachana unapotanuka. Koili ndogo ya ishara nayo vivyo hivyo. Lakini mafuta pia hufanya mchezo huo huo: petroli huchemka katika bomba lililo karibu na chuma chenye moto, mvuke ukaziba njia, na baada ya kupoa kila kitu kikarudi. Bila kupima pale pale barabarani haiwezekani kutofautisha.

Ndiyo maana dereva wa gari lenye dalili hii apewe ile plagi iliyokatwa mkono na kipande cha waya wa kuibania, afundishwe kuitumia. Mara tu gari linapozimika, kabla halijapoa, apime. Cheche ikiwepo, ni mafuta. Isipokuwepo, atazame mshale wa mizunguko stata inapozunguka. Ukitikisika, ashuku koili. Ukilala kimya, ashuku ignaita au koili ndogo. Swichi ikiwa imefungwa, aweke juu ya ignaita kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa barabara, kisigusane na nyaya za plagi. Cheche ikirudi baada ya dakika chache, wakati injini yenyewe ingali moto, ushahidi umepatikana. Ayaandike haya kwenye kikaratasi. Kikaratasi hicho kina thamani kuliko koili mpya.

Gereji nayo inaweza kuuita ugonjwa huo kwa makusudi. Kifaa cha kukaushia nywele, cha aina inayotumika katika saluni, kikielekezwa kwenye ignaita huku injini ikinguruma, huifanya izimike mbele ya fundi ikiwa kweli ndiyo mbovu. Kisha koili ndogo ijaribiwe peke yake, kimoja baada ya kingine.

Gari lisilowaka asubuhi ya ukungu

Tabia ya ugonjwa huu ni kinyume cha ule wa kwanza: gari hukataa alfajiri na kukubali saa nne jua likitoka. Unyevu umefanya njia ya umeme mahali pasipo njia, ama juu ya nyaya za plagi zilizopasuka, ama ndani ya kifuniko cha distribyuta. Kifuniko kikifunguliwa na kukaushwa kwa kitambaa, gari huwaka, na mara nyingi jambo huachwa hapo hadi ukungu wa kesho.

Achunguze vizuri kwa mwanga. Ndani ya kifuniko huweza kuonekana kistari chembamba cheusi kama unywele, kinachotoka ncha moja kwenda nyingine au kuelekea chini. Huo ni mkaa uliochorwa na umeme wenyewe, na mkaa hupitisha umeme. Kukwangua hakusaidii, kifuniko kibadilishwe. Kipo kipimo kisichogharimu kitu: usiku wa giza, boneti wazi, injini ikiwa inanguruma, watu wasimame mbali kidogo na kutazama. Mahali umeme unapovuja huonekana vimulimuli vya buluu. Nyaya za plagi zipimwe kwa mita pia. Kwa magari mengi ya Toyota kila mmoja usizidi omu 25,000. Ukizidi sana, umekwisha kazi hata kama nje unang'aa.

Katika kuzirudisha nyaya, mpangilio usichanganywe. Injini nyingi za silinda nne za Toyota huwaka kwa mpango wa 1, 3, 4, 2. Nyaya mbili zikibadilishana mahali, injini hutetemeka na kurudisha moto katika kabureta, na mtu akafikiri ameharibu kitu kikubwa.

Magari yasiyo na distribyuta

Probox, Noah za karibuni na Kirikuu nyingi hazina distribyuta kabisa. Kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake, na amri hutoka katika kompyuta ya gari, ambayo mitaani huitwa kontroli boksi. Kompyuta hujua mahali injini ilipo kwa sensa ya krenki. Sensa hii ni mtoto wa ile koili ndogo, na imerithi maradhi yake, pamoja na lile la kuzimika kwa joto.

Hapa katibu ana ulinzi ambao magari ya zamani hayakuwa nao. Kompyuta huhifadhi namba ya kosa, na mashine ya kusomea namba hizo zimeenea sasa. Katika magari yanayofuata utaratibu wa kimataifa, P0301 ni silinda ya kwanza kukosa mapigo, P0302 ya pili, na kuendelea. P0335 ni habari ya sensa ya krenki. Namba iandikwe kwenye ankara. Hata hivyo namba ni malalamiko, bado si hukumu. Silinda ya pili huweza kukosa mapigo kwa koili, kwa plagi, kwa kipulizio cha mafuta, au kwa vali. Kipimo kinachofuata hakihitaji hata senti moja: koili ya silinda ya pili ihamishiwe ya tatu, na ya tatu iletwe ya pili, namba ifutwe, gari liendeshwe. Kosa likihamia silinda ya tatu, koili ni mbovu. Likibaki pale pale, koili haina hatia, na aliyetaka kuuza mpya atafute pengine. Taa ya injini ikipepesa wakati wa kupanda, dereva apunguze mzigo wa injini na asiendelee kulazimisha, maana petroli isiyoungua huunguza chujio la moshi, ambalo bei yake ni kubwa.

Katika Toyota nyingi za aina hii kila koili hurudisha kwa kompyuta ishara ya kwamba kazi imefanyika. Ishara hiyo ikikosekana, kompyuta hukata mafuta. Fundi akaona mafuta hayaji, akabadilisha pampu, kumbe tatizo ni koili au waya wake. Mwenye kupima cheche kwanza hawezi kuangukia shimo hilo.

Yanayoua mitambo hii

Kuchomelea bodi kwa umeme huku betri imeungwa ni adui mkubwa, na pikapu za milimani huchomelewa mara kwa mara. Betri ifunguliwe, na kontroli boksi ichomolewe soketi zake, kabla mchomeleaji hajashika kazi. Kuazimana betri kwa kugeuza chanya na hasi huua ignaita mara moja. Kufungua terminali ya betri injini ikiwa inakwenda, ati kupima alteneta, ni desturi iliyotoka enzi za dinamo. Kuosha injini kwa maji ya mpira kumeleta wagonjwa wengi gereji kuliko masika. Bodaboda na pikipiki za vyama zina mtambo wa namna nyingine kidogo, ule wa CDI, lakini haya yote yanazihusu pia.

Daftari na sanduku

Daftari la gari liwe na nafasi ya dalili kwa maneno ya dereva mwenyewe, iandikwe kabla gari halijapelekwa kwa fundi: lilizimika wapi, likiwa moto au baridi, likipanda au tambarare, kulikuwa na mvua au jua, liliwaka tena baada ya muda gani. Kisha kipimo kilichofanywa na namba iliyosomwa. Kisha kilichobadilishwa. Hati ya malipo isiidhinishwe bila mambo hayo matatu, na kipuri cha zamani kirudishwe ofisini kikiwa na tarehe na namba ya hati. Kipuri hicho kinaweza kupimwa tena. Vyama vingine huenda vitagundua kwamba katika kabati lao zimo koili mbili nzima.

Chama chenye gari la petroli kinunue mita moja ya umeme. Katika sanduku la gari kiwekwe kile kipande cha plagi na waya wake, kitambaa kikavu, fyuzi za akiba, plagi mbili nzima, na kwa gari lenye distribyuta, rota na kifuniko. Dereva avipokee kwa saini, na vihesabiwe pamoja na mali nyingine siku ya kuhesabu mali ya chama.